Mkono wa Baba Pasta

Sipendi mtu aguse mashine inapoamka. Kazini wananijua: ukiweka hata kalamu juu ya klavie, ule ubao wa vitufe, kabla skrini haijatulia, nitakufukuza, uwe mkubwa wangu au mdogo wangu. Wanadhani ni ukali wa uzee. Waache wadhani. Ukali nilizaliwa nao, lakini huu wa klavie niliupata Kamina, kwetu Kongo, asubuhi moja ya vita, nikiwa na mtoto mgongoni na barua moja kichwani.

Nilikuwa karani wa kanisa letu la Kimethodisti. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, dirisha lake likitazama reli. Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Wageni walipotuletea ordinateri, yaani kompyuta, ya kwanza kuonekana mtaani kwetu, sisi wote tuliizunguka kwa woga, yeye akaifungua kama mtu anayefungua gunia la mahindi ya Kaniama. Kila alasiri alitoka shuleni na chaki mikononi, akakaa karibu yangu kunifundisha. Mimi nilizoea mashine ya kupiga chapa, nikawa napiga vitufe kwa nguvu zangu zote.

"Madame," aliniambia, "hii haiko kinu. Usitwange."

Nilikasirika. Nilipenda sana kukasirishwa naye, sasa naweza kusema.

Mkuu wetu alikuwa Baba Pasta, mzee aliyetubatiza sote wawili na kutufungisha ndoa. Kwake hakuna kitu kilichoanza bila kuwekewa mkono. Mgonjwa aliwekewa mkono, mbegu kabla ya kupandwa ziliwekewa mkono, hata baiskeli mpya. Ordinateri nayo ilipewa heshima yake. Jenereta ikishanguruma, mimi nikibonyeza kitufe cha kuwasha, Baba Pasta alisogea na mkono wake mpana kuiombea mashine kwa Kiluba, sala ndefu kama njia ya reli.

Lakini kila siku mume wangu alimwahi. Aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akainama, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Baba, anzia ku kichwa yangu. Njo iko na kazi mingi."

Mzee alicheka, akamwombea yeye, na mashine ikawaka. Mimi nilimwona mume wangu mtu wa kujipendekeza. Nyumbani nilimtania: "Weye unataka kuwa pasta?" Alitabasamu tu, akaendelea kumega bukari yake, ugali wetu.

Mwisho wa kiangazi alitumwa mji mmoja wa kando ya ziwa Tanganyika kusahihisha mitihani. Wiki mbili tu, alisema. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilimsindikiza hadi stesheni, nikagombana naye kwa sababu alikuwa amesahau sweta, na treni ikaondoka kabla hatujapatana vizuri. Siku chache baadaye vita vikaanza tena. Njia ikakatika katikati. Yeye akabaki upande ule, sisi upande huu, na treni haikurudi.

Jamani, kungoja ni kazi. Nililala upande wangu wa kitanda, upande wake niliuacha wazi, mtu asinicheke. Nilijifungua mtoto wa kike bila baba yake kujua.  Ofisini hakukuwa na kazi: watu wenye bunduki waliingia siku moja wakachukua mashine ya kupiga chapa, ordinateri na printa yake tukazificha, klavie tukaifunga kwa kitenge na kuiweka chini ya mavazi ya kwaya. Esansi, petroli ya jenereta, nayo haikupatikana. Miezi minane hatukuiwasha.

Halafu tukasikia kwamba mama mmoja muuguzi wa kanisa ataondoka. Angechukua ndege Base, uwanja wa jeshi nje ya mji, apitie Zambia, apande meli ziwani mpaka upande wa pili. Alikubali kubeba barua, ila kwa sharti moja. Barua za mkono askari walizichana kwenye vizuizi, wakisema ni za wapelelezi. Zilizochapwa, zenye muhuri wa kanisa, waliziacha zipite. Lori lake la kwenda Base lingeondoka saa sita mchana. Mwanamke huyo hakujua kama atapita tena maishani mwake.

Basi asubuhi ile Baba Pasta alileta nusu bidoni ya esansi, sijui aliitoa wapi, na sikumuuliza. Familia kadhaa zilikuwa zimenipa majina na maneno yao mafupi. La kwangu lilikuwa moja: mtoto amezaliwa, ni msichana, tunakungoja.

Mlinzi wa kanisa akavuta kamba, jenereta ikanguruma. Nikabonyeza kitufe. Baba Pasta akaweka mkono juu ya mashine, akafumba macho, akaanza kuomba. Nami nikafumba. Tuliposema amina, skrini ilikuwa nyeusi na maneno machache meupe ya Kifaransa: klavie haionekani, ili kuendelea bonyeza kitufe cha klavie.

Nilisoma mara mbili. "Ujinga gani huu?" nikasema. "Haioni klavie, halafu inaniambia nibonyeze klavie!" Nilibonyeza hata hivyo. Kimya. Nikabonyeza vyote, nikatwanga kama zamani. Kimya.

Nikazima. Nikaenda nyuma ya mashine. Kule kuna matundu mawili ya mviringo yanayofanana kama mapacha, moja la klavie, moja la kile kidude cha kusogeza mshale. Nikasema, hapa ndipo nimekosea. Nikabadilisha. Tukawasha, mzee akaomba, tukasema amina: maneno yale yale. Nikarudisha kama mwanzo. Nikachungulia ndani ya kichwa cha waya, nikaona kijino kimoja kimelala, nikakinyoosha kwa sindano ya kushonea. Kuwasha, sala, amina. Maneno yale yale.

"Tuombe tena," akasema Baba Pasta.

"Eyo, vidye," nikamjibu, ndiyo bwana, maana mzee humkatalii. Moyoni nilikuwa nachemka.

Safari hii nikaipindua klavie, nikaigonga mgongoni. Yakatoka maganda ya karanga, na kikatoka kipande cha chaki. Kidogo tu, kama punje ya mchele. Nilikiweka kwenye kiganja changu, nikakifumbia vidole. Miezi minane nilikuwa nimetafuta nyumbani kitu chenye alama ya vidole vyake, nikafua shati lake kwa makosa, nikalia kwa sababu sabuni iliondoa harufu yake. Na kumbe alikuwa amejificha humu. Nilimtaka. Nilimtaka pale pale, kwenye kile kiti, aniambie "Madame, toka," afanye lile alilokuwa akifanya.

Mlinzi akapiga kelele nje: "Mama, esansi inaisha! Unawasha mara moja tu tena, njo basi!"

Nje lori lilikuwa limeshaanza kupakiwa. Mtoto akalia mgongoni. Nilikaza kitenge, nikajiuliza: mume wangu alifanyaje? Alikaa hapa. Alinyamaza. Jenereta ikanguruma, nikabonyeza, Baba Pasta akasogea, na yeye akafanya nini? Akauchukua mkono.

Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa ameshasimama mahali pake, mkono wake mpana tayari umetua katikati ya vitufe, na vitufe sita au saba vimezama chini ya kiganja. Mungu wangu. Mashine inapoamka huita kwanza kila kiungo chake, na klavie iliyobanwa haiwezi kuitika. Asubuhi ile yote tulikuwa tunaiziba mdomo kwa sala, halafu tunaishangaa haisemi.

Na mume wangu alijua tangu siku ya kwanza. Asingeweza kusema, "Baba, ondoa mkono." Nani kwetu anamwambia mzee aondoe mkono wa baraka? Basi aliupa mahali pengine. Kila alasiri aliinama, akatoa kichwa chake, mzee asiaibike na mashine iwake. Hakuniambia hata mimi, kwa sababu aliujua mdomo wangu. Na mimi nilimwita mtu wa kujipendekeza.

Niliuchukua ule mkono kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mzito na wa moto. Nikapiga magoti, nikauweka juu ya kichwa changu.

"Baba, anzia kwangu. Miye njo niko na shida."

 Nadhani alimkumbuka mume wangu. Kisha akaanza kuomba, na kutoka pale chini nikanyoosha mkono nikabonyeza kitufe. Ikalia mlio mmoja mfupi. Sikuthubutu kuinuka mpaka amina. Nilipoinuka, taa tatu za klavie zilikuwa zimewaka na mashine inaningoja niandike.

Niliandika barua zote bila kusimama. Yangu niliiweka ya mwisho. Nilipomaliza kumwambia habari za mtoto na jina lake, vidole vikaendelea vyenyewe: "Sasa nimejua kwa nini ulikuwa unachukua mkono wa Baba Pasta. Nisamehe na ya sweta." Niliogopa askari akisoma atadhani ni siri ya vita. Nikaiacha hivyo hivyo. Printa ikapiga kelele zake, karatasi zikatoka, Baba Pasta akagonga muhuri, nikakimbilia lori nywele wazi. Nilipofika kanisani tena, jenereta ilikuwa imezimika.

Nilingoja jibu mvua ile, na ya pili, na ya tatu. Mtoto akatambaa, akatembea, akaanza kuuliza. Wenzangu waliniambia nikate tamaa. Niliwajibu maneno mabaya, sitayarudia hapa.

Njia zilipofunguliwa, alikuja mwalimu mwenzake aliyekuwa naye kule miaka yote. Alibisha hodi akakataa kukaa, nikajua. Homa ilimchukua, akasema. Mwaka mmoja kabla. Akatoa mfukoni karatasi yangu. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata imetoboka kwenye mikunjo, na jina la mtoto halikusomeka tena kwa kushikwa. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi, mwandiko wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka:

"Mutoto afanane na weye, hata hasira. Na Baba Pasta, usimuambie."

Jioni ile mzee alikuja kulia nasi, akiongozwa kwa fimbo, macho yake yakiwa yameshafifia. Alisikia kwamba kuna karatasi. Akaniuliza, "Mwanangu ameandika nini?"

"Anakusalimia, Baba," nikasema.

Akanyoosha mkono hewani, akanitafuta. Niliupokea, nikainama, nikauweka mahali pake.