Kazi ya Kutunza Misemo ya Madam

Nilianza kazi Jumatatu asubuhi, nikiwa Kidato cha Pili, kwa kosa la kucheka. Madam wa Kiingereza alikuwa amewaambia vijana wa maigizo "break a leg", yaani vunja mguu, ambavyo Waingereza hutakiana heri, kabla hawajapanda jukwaani, na mmoja wao, kwa hofu, akapanda akichechemea. Madam akanipa daftari nene, kaunta buku mpya, na kusema kwamba kwa vile naona misemo ni vichekesho, nitaitunza mpaka nichoke.

Ninyi wa Gredi ya Kumi mmekuta vishikwambi. Enzi zetu, yaani mwaka juzi, kazi ilifanywa kwa mkono. Kila ukurasa niliugawa safu tatu kwa rula. Ya kwanza ilikuwa ya msemo, ya pili ya maana, na ya tatu tuliiita ladha: je, ukiambiwa hivi umesifiwa, umetukanwa ama umetaniwa? Safu hiyo ndiyo iliyotutoa jasho.

"Maana iko kwa kamusi," Madam aliniambia siku ya kwanza. "Ladha iko kwa mwenye lugha, na mwenye lugha haishi hapa Mumbuni."

Madam alitoka Masinga, na Kiingereza alikijua kuliko mtu yeyote shuleni, lakini misemo ilimkosesha usingizi. Kuna ule wa mtu anayeongea mpaka miguu ya nyuma ya punda inang'oka. Kwao punda hubeba maji. Alitaka kujua ni nani aliyekaa chini kuongea na punda, na kwa nini miguu ya nyuma. Nikamwambia ya mbele iko karibu na mdomo, ilishang'oka kitambo. Aliandika jibu langu ubaoni, akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama kama mtu anayepima kitambaa. Kipindi kikaisha hivyo.

Wakubwa wengine hawakuielewa taaluma yetu. Naibu wa Mwalimu Mkuu alinikuta koridoni na kaunta buku wakati wa usafi, akauliza niko na kazi gani. Nikasema niko zamu ya misemo. Akanituma nikalete fagio, na nikafagia mpaka kwa tangi la maji.

Kisha akaja afisa wa elimu kumkagua Madam. Madam alikuwa amekaa daraja moja miaka kumi na mmoja, na fomu ya huyo afisa ndiyo ingempandisha awe mkuu wa idara, ama imwache palepale. Afisa alikaa nyuma ya darasa, akaandika, akatabasamu, akamwachia Madam fomu asome, akaenda. Chini kabisa alikuwa ameandika: "This teacher is a real piece of work."

Madam alifurahi. Akaniita niuingize msemo huo mara moja, safu ya tatu niandike sifa. Nikaandika. Halafu, kwa mazoea ya kazi, nikaenda maktaba kuhakikisha.

Kamusi kubwa ilisema huyo ni mtu msumbufu, mwenye visa, wa kuepukwa. Nilisoma mara tatu. Mimi hucheka hata kwa matanga, lakini hapo kicheko kilikataa. Nikabeba kamusi yote hadi ofisini kwake, nikaifungua mezani.

Madam akasoma. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Lakini alikuwa anatabasamu, Kyalo."

"Labda ndiyo ladha yake, Madam."

Siku tatu tulichunguza ushahidi. Afisa alikunywa chai vikombe viwili na kuomba mandazi ya pili. Mimi nilishikilia kwamba mtu hawezi kukutukana halafu aombe mandazi yako. Madam alisema Waingereza wanaweza. Nikamkumbusha kwamba afisa si Mwingereza, ni wa kwao Masinga, na ghafla akaacha kusahihisha vitabu akanitazama.

Ijumaa afisa alirudi kuchukua fomu apeleke makao makuu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kaunta buku. Naibu alikuwa ndani, kwa hivyo Madam angeaibika mbele ya mkubwa wake iwapo jibu lingekuwa baya. Akauliza hata hivyo, kwa upole, kwamba huu msemo wake ladha yake ni ipi.

Afisa akashangaa. "Si ni kazi safi, Mwalimu? Wia museo. Niliwaza kwa Kikamba, nikaandika kwa Kiingereza."

Madam akamsogezea kamusi. Afisa akasoma polepole, na masikio yake yakabadilika rangi. Tatizo likawa kwamba fomu iliyofutwafutwa hurudishwa, na mwaka unapita. Wakatazama ile sentensi, wakatazamana, kisha Madam akanigeukia mimi, mtaalamu. Nikasema kabla ya neno la mwisho kuna nafasi ndogo, "good" linaweza kuingia likijibana.

Afisa akalibana. A real piece of good work.

"Na hiki ni Kiingereza kweli?" Naibu akauliza.

"Ni cha hapa," Madam akasema. "Hakuna atakayekielewa vibaya."

Nilistaafu muhula huu, Naibu alipoamuru Kidato cha Nne wote waachie vyeo wakasome. Kaunta buku nimemkabidhi msichana wa Gredi ya Kumi, mwenye mwandiko mzuri na maswali mengi kuliko yangu. Nilichojifunza ni kidogo: anayekuandikia huenda anatafsiri kichwani kama wewe tu, kwa hivyo kabla ya kukasirika, muulize. Na usiandike sifa kwa kalamu kabla ya kufika maktaba.

Wiki iliyopita barua ya Madam ilifika. Alivuka uwanja wa gwaride akiwa ameishika wazi, akanikuta nikipambana na hesabu chini ya dirisha la maabara. Amekuwa mkuu wa idara, shule ya huko Athi River. Nikampongeza. Hakuondoka. Kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari wa kwanza.

"Wameandika 'we are pleased,'" akasema. "Wamefurahi kweli, Kyalo, ama ni desturi tu?"

"Madam, mimi nimestaafu."

Akakaa kando yangu kwenye benchi, na tukaanza kuichunguza.