Maneno Niliyomwongezea Baba

Baba hajui kuandika na mama hajui kusoma. Katikati yao niko mimi.

Barua za baba hutoka kizuizini zikiwa zimeshafunguliwa na kupigwa muhuri, na pengine mstari mzima umefutwa kwa wino mweusi. Ni lazima ziandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza ili maofisa wajue kilichomo. Kwa hiyo baba humwambia mwenzake maneno kwa Kikuyu, yule huyaandika kwa Kiswahili, nami huyarudisha kwa Kikuyu ili mama asikie. Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu: njoo, ngoja, punguza.

Mimi nasoma kidato cha kwanza hapa Thika. Nakaa Makongeni kwa tata, dada yake mama, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Mume wake anafanya kazi katika kiwanda cha ngozi na harufu ya kazi hurudi naye nyumbani. Shuleni wasichana hutoka wameshikana mikono, watatu watatu, na mimi huwafuata nyuma kama mtu aliyebeba vitabu vyao. Tata huniambia, "Wewe, siku utakayoongea tutachinja kuku." Mimi hucheka, kisha hunyamaza tena. Wa kuongea naye nilikuwa na Mungu peke yake, nikiwa njiani, bila kufungua mdomo.

Kila mwisho wa mwezi mwalimu mkuu huniandikia cheti cha njia, maana tangu serikali ya wazungu itangaze hali ya hatari na kuwakamata wanaume wetu hatutembei ovyo, na mimi hupanda treni mpaka Ruiru. Mama anachuma kahawa katika shamba la mzungu na anaishi kwenye kambi ya wachumaji.

Barua ya kwanza nilimsomea tukiwa mlangoni pa chumba chake. Ilikuwa fupi. Baba alisema ni mzima. Aliuliza kama mbuzi amezaa. Alisema watoto wa watu wanasoma, basi na mimi nisome. Kama inaruhusiwa, atumiwe sweta. Basi.

Mama alingoja. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Ndiyo hayo tu, mami?" aliuliza. Ananiita mami kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Baba hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili mama alipotoka na Biblia asiyoweza kuisoma, baba alikaa nje akinoa panga na kumwambia, "Nisalimie huko." Tangu nizaliwe nimemsikia mama akimwombea aokoke. Nilitazama uso wake, kisha karatasi, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Anasema pia kwamba anaomba kila asubuhi. Anasema Mungu hajamwacha."

Mama alifunika uso kwa kile kitambaa.

Kesho yake, katika ushirika wa ndugu, alisimama kutoa ushuhuda. Kwetu ni desturi: mtu husimama na kueleza Bwana amemtendea nini wiki hiyo, na kama ametenda dhambi huitaja kwa jina lake, hata kama ameiba kuni. Mama alisema mume wake ameokolewa kizuizini. Wanawake walimkumbatia, wakaimba. Na mimi walinikumbatia. Nilitazama viatu vyangu mpaka nikahesabu matundu yote ya kamba.

Mama aliniambia nimjibu baba kwamba ndugu wote wanafurahi kwa ajili ya wokovu wake. Nilikaa na kalamu. Ningemwandikiaje mtu kwamba tunafurahi kwa jambo asilolijua? Niliandika habari za mbuzi: amezaa mapacha, mmoja ana doa jeupe. Mama alipiga dole gumba chini ya barua kuwa sahihi yake, akaamini nimeandika aliyosema.

Barua ya pili ilipokuja ilinibidi kuongeza tena, maana mtu aliyeokoka haachi kuomba ghafla. Na niliporudi Thika nikakuta siwezi tena kuongea na Mungu. Nilikuwa nikianza, "Bwana," halafu nasimama hapo kama mtu aliyekuja kubisha hodi kwenye nyumba aliyoiibia. Nilitembea kutoka shule mpaka Makongeni nikisikia kokoto chini ya miguu, basi. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Tata aliuliza kama naumwa. Nilisema ni kichwa.

Barua ya tatu nilikabidhiwa msimu wa kahawa umekolea. Nilimkuta mama kwenye uwanja wa kupimia, ameketi chini na wachumaji wenzake. Kabla kahawa haijapimwa humwagwa juu ya gunia, na kila mtu hutoa mbichi na majani, zibaki nyekundu tupu.

"Karani wetu amefika," mwanamke mmoja alisema. "Hebu tuone mikono. Wee, hii haijawahi kushika hata mwiko."

"Mwache," mwingine akajibu. "Hiyo mikono ndiyo inamwandikia mwenzako barua. Ya mwanao inaandika nini?"

Walicheka. Mama alitoa bahasha kifuani, akanipa, akaendelea kuchagua. Niliisoma kwanza kimya, kama ilivyo kawaida yangu, ili nijue pa kuongeza.

Ilisema hivi: kulikuwa na baridi na kikohozi, na mtu aliyelala karibu naye alikuwa amekufa. Kisha: "Mwambie mama yako aniombee. Mimi nimejaribu, sijui kuomba, sijawahi kujua. Yeye anajua. Aniombee na aniambie kama ameniombea."

Nilisoma mara mbili. Nikiyasema haya, ya kwanza yote yatajulikana kuwa uongo. Nikiyaficha, baba atabaki kule na kikohozi chake akingoja jibu ambalo halitakuja.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza.

Niliinama karibu na sikio lake wenzake wasisikie, nikamwambia. Kwamba barua ya kwanza haikuwa na maombi ndani yake. Ya pili pia. Kwamba ni mimi niliyeyaweka. Hakunitazama. Vidole vyake viliendelea kuchagua, lakini niliona akitupa nyekundu kwenye fungu la mbichi, moja, mbili, tatu, na hakuna aliyemwambia.

"Hii je?"

"Hii ina kitu. Chake mwenyewe."

"Soma. Kama ilivyo."

Nilisoma. Akasema nirudie. Mara ya tatu alifumba macho pale pale penye vumbi, midomo ikicheza, na wale wanawake wakaacha mizaha bila kuambiwa. Alipofumbua alisema, "Mungu hakukutuma umwongezee maneno. Hata baba yako hakukutuma." Hakuniita mami. Aliinua debe, akaenda kwenye foleni ya mizani, na mimi nikabaki nikizirudisha zile nyekundu alizozitupa.

Jioni ile alisema, "Kesho nitasimama niwaambie ndugu nilikosea."

"Hukukosea wewe," nilisema. "Nitasimama mimi."

Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, nikasema machache, na mzee wa kanisa akaniomba nirudie kwa sauti. Kwa hiyo nililisema kosa langu mara mbili. Hakuna aliyenikumbatia papo hapo. Kisha waliimba, na kuimba kwao hakukunihusu mimi. Walikuwa wakimwombea baba, kwa jina, kikohozi chake na baridi yake, kwa sababu sasa walijua cha kuomba.

Nilimwandikia baba siku hiyo hiyo: mama amekuombea, na ushirika mzima umekuombea. Ndani ya treni, karibu na dirisha, nilisema "Bwana," na safari hii sikukwama. Sikuwa na la kuongeza. Nilimwambia tu kwamba sijui kama baba atapona, na kwamba namwachia yeye. Sikusikia jibu. Lakini nilijua naongea na mtu.

Siku hizi barua ikija naisoma mimi kwanza, kisha mama humwita mzee wa kanisa aje aisome tena. Simlaumu mama. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Ila mara ya kwanza niliumia, nikakaa nje kwenye jiwe, nikimsikia yule mzee akisoma ndani polepole: baba bado anakohoa, lakini anatembea. Amepata sweta. Jioni anajaribu kusema maneno mawili matatu kwa Mungu, hajui kama yanafika.

Yalikuwa yale yale niliyoyasoma, neno kwa neno.

Mzee alipoondoka mama alitoka mlangoni, akasimama. Alitazama juu, kulikuwa na mawingu upande wa milima.

"Mami," alisema, "leta lile debe kabla halijanyeshewa."