Wifi Yangu Hakuweza Kunyanyua Kichwa

Admin, jina langu lifiche, maana hapa Kibokoni nyumba zinasikilizana. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, nesi mstaafu, nina mume na wajukuu. Wenye hamu ya kunihubiria wapite tu.

Miaka ya tisini nilifanya kazi chumba cha upasuaji, hospitali moja ya hapa kisiwani. Siku moja aliletwa Salma, dadake mume wangu, apasuliwe utumbo. Figo zake zilikuwa zimekufa. Daktari wa usingizi alikuwa na kiburi kisichosemeka. Nilipomwona anavuta kwenye sindano dawa ya kulegeza misuli nikamwambia, "Daktari, huyu figo hazifanyi kazi. Dawa hiyo haitamtoka upesi."

Akanitazama kama anayetazama nzi. "Sista, wewe umekuwa daktari lini?" Watu wakacheka. Akamdunga dozi nzima, na baadaye akamwongeza nyingine.

Upasuaji ukaisha salama. Akamdunga sindano ya kurudisha nguvu za misuli, Salma akapumua mwenyewe, akafumbua macho. Nikaachiwa mimi nimwangalie. Sheria yetu, mgonjwa haendi wodini mpaka anyanyue kichwa kwenye mto na kukishikilia huku unahesabu hadi tano. "Wifi, nyanyua kichwa." Kikainuka kidogo, kikaanguka. Nikamwambia tena. Hakuweza. Alinitazama tu.

Nikamwita daktari. Hata hakuingia, alisema palepale mlangoni, "Amechoka huyo. Mpeleke, nina mwingine anangoja."

Nilikuwa nimeshadhalilishwa mara moja, sikutaka mara ya pili. Nikaandika kwenye faili: ameinua kichwa. Nikatia sahihi.

Haikutimia saa moja. Ile sindano iliisha nguvu na dawa ya kwanza bado imo mwilini, figo hazikuitoa. Misuli ikalegea upya. Salma alikata pumzi wodini bila hata kuweza kuita mtu. Nesi wa zamu, binti wa Kigiriama nitakayemwita Kadzo, alipomfikia alikuwa ameshakwenda.

Wakubwa walipochunguza, faili ilisema mgonjwa alitoka kwetu vizuri. Kosa likawa la Kadzo. Akafukuzwa. Mume wangu alimngoja getini akamtemea mate usoni. "Umeniulia dadangu, muuaji we!" Nami nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Yule daktari nilimlaani miaka yote hii, na laana ile ilinisaidia nisijitazame mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu kliniki kule Tudor, nikakutana na Kadzo uso kwa uso. Amezeeka. Nikamwamkia.

"Niliisoma ile faili," akasema. "Niambie leo. Kichwa aliinua?"

"Aliinua."

Akacheka. "Vyema. Basi nitakuja kwenu, uniambie hivyohivyo mbele ya mumeo."

Tangu siku hiyo kila hodi inanitia kiwewe. Mume wangu hadi leo akimwombea dua dadake, humalizia kwa kumwapiza Kadzo, nami naitikia amina. Nikisema kweli, ataniacha uzeeni, na wanangu watamfuata baba yao. Nikinyamaza, yule mwanamke atakuja. Na niseme bila aibu, kwa kuwa humu hamnijui: simwonei huruma. Namchukia. Namchukia kwa sababu bado yuko hai na bado anauliza.

Nitukaneni mkitaka, lakini mkishamaliza mniambie: nimtangulie kwa mume wangu, au nimngoje mlangoni?