Rumba Iliyoishia Kwenye Salamu

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani mjini Musoma, na Jumamosi alikuwa kiongozi wa bendi ya rumba. Sisemi kwa sababu ni mjomba: toka Kisorya mpaka Nyamuswa hakuwa na mpinzani. Viatu vyeupe, kofia upande, na Kihispania alichokiokota kwenye santuri za Kuba zilizouzwa dukani kwa Mhindi. Maana ya maneno yale hakuijua yeye wala sisi, lakini aliyatamka kwa uhakika hata ungedhani kazaliwa huko. Santuri moja tuliirudia mpaka sindano ikachakaa, yeye akiufuata muziki kwenye gitaa, mimi nikitikisa manyanga.

Mtu mmoja tu hakumpigia makofi, naye ni mama yake, bibi yangu wa Butiama. Mjomba alikuwa ameuza ng'ombe aliyetengwa na Bibi kwa mahari ya kumwoza, akanunua gitaa. Bibi akampiga marufuku kukanyaga kwake.

"Dansi kwangu hapana," alisema. "Hilo gitaa lake lilikuwaga ng'ombe wangu."

Ukumbini hakwenda hata kwa dawa. Basi Mjomba akakata shauri: kama mama haji kwenye muziki, muziki utamfuata kwake, ndani ya santuri. Akatunga wimbo wa kumwomba radhi, mzuri mno, nami nauweza mpaka leo.

Nafasi ilipatikana Mzungu mmoja wa kurekodi alipopita Bunda na gari la mitambo, akielekea Mwanza. Alituweka ndani ya ghala la pamba, kwa kuwa marobota yalimeza mwangwi. Akatueleza kwamba upande mmoja wa santuri ni dakika tatu, na kila bendi itapiga mara moja tu. Akishusha mkono, basi.

Sasa, kwetu kiongozi wa bendi haanzi kuimba kabla ya kusalimu watu. Ukiingia na wimbo mkavu, unaonekana umekuja kukusanya kodi. Unawasalimu kwa kutaja makwao, na ole wako umruke mtu. Gitaa likaanza, Mjomba akafumba macho, akasalimu. Wa Musoma mjini, wa Nyasho, wavuvi wa Kisorya, wenye ng'ombe wa Nyamuswa, mafundi wenzake, wauza samaki. Nikamkanyaga mguu. Wapi! Akawapa pole waliofiwa. Mzungu alikuwa anatazama saa, nami nilitamani kumziba Mjomba mdomo. Hatimaye akafika Butiama, akamsalimu mama yake, akavuta pumzi ili aanze wimbo. Mkono ukashuka.

"Jamani, hatujaimba," akasema mpiga ngoma.

Mjomba alikaa juu ya robota. Mimi nililia kwa hasira, na sioni aibu kusema hivyo.

Baadaye ikaletwa na basi santuri moja ya sampuli. Za kuuza hawakutengeneza. Mjomba alitaka kuivunja, nikamnyang'anya.

"Tunaipeleka Butiama hivyo hivyo," nikamwambia.

"Nikamwambie nini mama? Hamna wimbo humu."

"Huendi kuimba, Mjomba. Nyamaza tu, twende."

Tulipofika alibaki nje ya lango la boma, kofia mkononi. Niliingia peke yangu, nikatua juu ya kigoda gramafoni tuliyokuja nayo, nikaitia santuri, nikaizungusha.

"Ni dansi hiyo?" Bibi akauliza.

"Ni salamu, Bibi."

Akakaa. Sauti aliitambua mara moja, niliona shingo yake ikikakamaa, lakini mtu akisalimu watu humkatizi. Alisikiliza wa Nyasho wakisalimiwa, na wa Kisorya. Waliofiwa walipopewa pole, akatikisa kichwa kwa huruma. Moyo wangu ulikuwa unadunda kushinda ile ngoma ya kwenye santuri.

"Na mama yangu Butiama, shikamoo mama," ikasema santuri, ikaisha.

Bibi hakuitazama gramafoni. Aligeuka kuelekea lango.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kufika kule nje.