Kopo la Baba Mkwe

Kwa miaka sita nilikijua kikohozi cha baba mkwe wangu kuliko nilivyoijua sura yake. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke hakutani ana kwa ana na baba wa mumewe, wala hasemi naye. Akikaribia kona ya njia alikohoa, nami nikaingia migombani na kumpa mgongo mpaka nyayo zake zipite. Mara nyingine nilibaki humo hata alipokwisha kupita, majani yakinidondoshea maji ya mvua shingoni, harufu ya kakao iliyofunikwa ichachuke ikinijia kutoka uani, nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Sikuona ubaya wowote. Niliona ndiyo namna yetu ya kupendana.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Mbugani, mjini kwetu, maduka yaliongezeka kila mwezi, mume wangu alikuwa akivuka mto Songwe kufuata bidhaa Malawi, nami nikapata kazi ya msaidizi wa maabara hospitalini. Siku moja daktari alitueleza kuwa imeletwa dawa ya kupimia choo. Unapaka kidogo kwenye karatasi, unadondosha dawa, na kama mna damu hata isiyoonekana kwa macho, karatasi inageuka bluu. Alitaka waje wale ambao ndugu zao walikufa kwa kansa ya utumbo, waje hata kama hawaumwi, kwa sababu ikigunduliwa mapema inakatwa.

Kaka yake baba mkwe alikufa hivyo, nami nilikuwepo. Tumbo lilijaa, mwili ukaisha, mwishoni akabaki macho tu.

Nilimweleza mama mkwe. Akaenda kwa mzee, akarudi akitikisa kichwa.

"Anasema haumwi. Na hata angeumwa, mwanangu, choo chake hakiwezi kupita mikononi mwako. Anasema bora afe."

Nilikasirika, na mimi hasira zangu ziko karibu. "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayemuua? Kwa heshima?" Mama akainamia ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake alasiri mzee alikaa nje ya ukuta wa jiko, mahali alipopenda kutazama ziwa. Mbali juu ya maji, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi wa shamba linalochomwa, na milima ya ng'ambo ilielea bila miguu. Upepo haukuwepo. Ndani ya jiko tulikuwa mimi na mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo. Mkwe hasemi na mkwe, lakini hakuna aliyewahi kunikataza kusema na mbuzi.

"Ewe mbuzi," nilisema kwa sauti, "una bahati. Kuna mtu hatakiwi kula nyama siku tatu, damu yako isije ikadanganya dawa. Siku ya nne kopo dogo litawekwa dirishani pa maabara kabla sijafika kazini. Litakuwa na namba, halitakuwa na jina. Namba anazitoa daktari, na anazijua yeye peke yake. Mimi nitajuaje ni la nani?"

Mbuzi alinitazama akitafuna. Nilidhani mzee ameondoka. Kisha nikamsikia akicheka puani, kidogo tu, halafu akakohoa.

Siku ya nne nilikuta makopo matatu dirishani. Moja lilikuwa la mafuta ya kujipaka kutoka Malawi, limefungwa kwa kamba ya mgomba, na fundo lile nililiona kila siku kwenye vifurushi vya mama mkwe. Nilijua mara moja. Nilivaa glovu, nikapaka, nikadondosha dawa, nikangoja. Karatasi ikageuka bluu taratibu, bluu ya ziwa la asubuhi. Nilikaa nikiitazama, nikiuchukia uzuri wake.

Daktari alimwita mzee mwenyewe, akamwandikia barua ya kwenda Mbeya. Niseme mapema, msomaji asihangaike: kilichokutwa kilikuwa kivimbe kidogo, kikakatwa, na mzee aliendelea kuvuna kakao yake miaka mingi. Lakini siku ile tuliyopanda naye Mbeya, mama mkwe akiwa katikati yetu, hatukujua hilo.

Mbeya kulikuwa na baridi na ukungu. Daktari wa huko hakujua Kinyakyusa, na Kiswahili cha mzee, kilichomtosha sokoni, hakikufika kwenye mambo ya utumbo. Cha mama mkwe vilevile. Wakahitaji mkalimani; mume wangu alikuwa Malawi, na aliyekuwepo ni mimi. Nilieleza mila yetu. Daktari akafikiri kidogo, akavuta pazia, mzee akalala upande ule, mimi nikasimama upande huu.

Niliuliza maswali yale moja baada ya jingine. Unakwenda choo mara ngapi? Kinatoka kigumu? Unasikia maumivu? Mimi ambaye sikuwahi hata kumwamkia! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na nikainamisha macho ingawa hakuna aliyekuwa akiniona. Mzee alijibu polepole, kwa upole, kama mtu anayesema usingizini.

"Mwambie nitapitisha bomba lenye taa, kwa njia ya haja kubwa," daktari alisema. "Ataumia kidogo."

Nikamwambia.

"Mwanangu," mzee alisema kwa Kinyakyusa. Hakuwahi kuniita chochote kabla ya hapo. "Naogopa. Hilo usimpe daktari. Nimekuambia wewe."

Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

"Amesema nini?" daktari aliuliza.

"Amesema yuko tayari."