Mama Mkwe Mbele ya Kipimo

Tangu vumbi la mionzi liuangukie mji, mpimaji alishinda katika ukumbi wa shule akipitisha kipimo karibu na miili ya watu, taratibu kama anayepiga pasi shati la bwana harusi, kuanzia nywele hadi nyayo. Kipimo kikilialia, huguna "mhm". Kikitulia, hutabasamu kwa shavu moja. Hakumwonea haya mtu, mpaka foleni ilipomletea mama mkwe wake. Hapo aligeukia ukutani, akanyoosha mkono nyuma na kuanza kupima.

"Uko salama kabisa, mama!"

"Mkwe wangu," mama akajibu kutoka upande wa pili, "hicho ni kiti."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpimaji akageuka, jasho likimchuruzika, akampima kama wengine. Kwenye kitambaa cha kichwa, kipimo kikatatarika kama mafuta kikaangoni.

"Mama... kitambaa," alinong'ona.

Mama akakivua, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, na kipimo kikanyamaza. Mpimaji akashusha pumzi, machozi yakimlengalenga. Mama mkwe akamnyang'anya kipimo.

"Haya, simama wima. Na wewe nani anakupima?"

Mpimaji akainua mikono.