Neno Nililoliacha Nje ya Kitabu

Niliripoti kazini miaka michache baada ya uhuru, katika kiwanda cha kuchambua pamba nje ya mji wa Tororo. Karani Mkuu alinikabidhi Kitabu cha Matukio, ambamo kila jambo la langoni liliandikwa pamoja na saa yake. "Kitabu hiki hakifutwi," alisema. "Ukisahau neno, liongeze pembeni kwa wino mwekundu, utie sahihi." Niliishika kanuni hiyo kama katekisimu.

Msimu wangu wa pili, wapagazi tisa walifukuzwa kwa kukataa kusafisha mashine ikiwa inazunguka. Wenzao waliokota mawe. Ofwono wa Kirewa, mbeba marobota, yaani mafurushi ya pamba iliyoshindiliwa, akawazuia.

"Nyinyi natupa mawe, kesho bunduki nakuja. Mimi takaa hapa, hapana kula, mpaka hawa tisa narudi."

Akaketi langoni. Askari wa zamu akamtania, "Ofwono, tumbo yako itaandamana peke yake!"

"Wacha iandamane, afande. Haina mawe."

Kwetu mtu hafunui chakula ilhali mwenye njaa ameketi mlangoni pake. Siku ya kwanza sisi makarani tulifunga madirisha tukala. Siku ya tatu, hata madirisha yakiwa yamefungwa, tonge halikupita. Siku ya nne mpishi wa Bwana Meneja aliomba ruhusa aende kwao, akisema hawezi kupika mbele ya mtu yule. Nilimsikia Meneja akimwambia Karani Mkuu, "Wangepiga kelele ningewaweza. Huyu ananyamaza." Nasi tuliamini kwamba wale tisa wangerudi.

Siku ya tano mke wa Ofwono alileta viazi vitamu, kwa kuwa mke hamwendei mumewe mikono mitupu. Ofwono alivipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, kisha akampa askari vyote. Askari akala. Wapagazi walikuwa ndani kazini; mimi niliyaona hayo dirishani.

Meneja alisimama nyuma ya kiti changu. "Amepokea chakula?"

"Amepokea, Bwana, lakini..."

"Lakini haiandikwi. Andika ulichojibu."

Nikaandika: *Saa sita na nusu, Ofwono alipokea viazi kutoka kwa mkewe.* Nikaweka nukta.

Meneja alikisoma kitabu changu mbele ya wapagazi wote. Askari alitazama chini, maana kula zamuni kulikuwa kosa la kufukuzwa; Ofwono naye hakumtaja. Mtu mmoja akacheka. Wengine wakamtupia Ofwono maneno ambayo siyaandiki. Jioni lango lilikuwa tupu. Wale tisa hawakurudi kamwe.

Ofwono alipopita dirishani pangu, akitembea kwa kushika ukuta, aliniuliza kwa upole, "Karani, wino nakwisha?"

Nilikifunga kitabu. Msimu uliofuata nilipandishwa cheo na kuhamishiwa bohari ya Busia, ambako nilisifiwa kwa usahihi wa vitabu vyangu hadi nilipostaafu.

Leo vijana hunisimamisha na kuniambia kwamba makarani wa zamani walikuwa waaminifu. Sifa hiyo inanikera, nami naikataa. Sikuandika uongo hata mara moja. Niliweka nukta mapema, na nukta ile ilivunja kile ambacho njaa ya siku tano ilikuwa imekijenga.

Kitabu kile sijui kiliko. Kwa hiyo naongeza hapa pembeni, kwa kanuni niliyofundishwa, na sahihi ni yangu: *akampa askari vyote. Hakula.*